Uzi: Kukusanya nguo zilizovaliwa chuoni, anza na anayepokea kabla hujaweka boksi

Wakuu, habari za jioni.

Chuo kinakaribia kufungwa, na kama ilivyo kawaida ya msimu huu nimeanza kuona watu wakiulizana namna ya kukusanya nguo hosteli kwa ajili ya watoto, wazee na wengine wenye uhitaji. Nimelifanya zoezi hili miaka mitatu mfululizo kwenye chuo kimoja hapa Iringa. Mwaka wa kwanza nilikuwa mbeba viroba tu, miwili iliyofuata nikawa mratibu. Naomba niandike kwa kirefu, maana sisi tulipoanza hatukumpata wa kutuelekeza, na yaliyotukuta sitaki yamkute mwingine.

Mwaka ule wa kwanza tulianza na maboksi. Kila bloku boksi mbili, tangazo ukutani, ujumbe kwenye magrupu yote ya WhatsApp. Baada ya siku tisa chumba tulichoazimwa kilikuwa kimejaa mpaka mlango unasukumwa kwa bega. Tulifurahi kweli, tukapiga picha mbele ya lile rundo. Halafu mitihani ikaisha, watu wakapanda mabasi, tukabaki wanne na viroba 41. Usafiri hatuna. Kituo tulichoongea nacho, hakuna hata kimoja. Tukafunga chumba, tukasema tutamalizia chuo kikifunguliwa.

Tuliporudi, harufu ilitupokea kabla ya kufungua kufuli. Kuna mtu alitumbukiza taulo bichi, na kutoka kwenye lile taulo ukungu ulitembea kiroba hadi kiroba. Kwenye mishono ya majinzi kulikuwa na kunguni, wamejipanga kama ufuta kwenye mkate, na walishahamia chumba cha jirani. Viroba 17 tulivichoma nyuma ya karakana. Nilisimama pale nikiangalia masweta ya poliesta yakiyeyuka na kudondoka matone meusi, moshi unaingia machoni, nikawafikiria wenzangu waliozifua, wakazikunja na kuzileta wakiamini zinakwenda kumvika mtu.

Zile zilizosalimika tulizipeleka kwenye makao ya watoto nje kidogo ya mji. Mama mlezi alitupokea vizuri, tukampa shikamoo, akaitikia, akafungua kiroba cha kwanza palepale barazani. Juu kabisa kulikuwa na gauni la kung'aa la sherehe, lenye mgongo wazi. Chini yake jinzi zilizochanwa magoti, kiatu kirefu cha mguu mmoja, sidiria. Alilichukua lile gauni akalikunja taratibu, akalirudisha, akasema: "Asanteni wanangu. Lakini hawa wangu wanalala na baridi. Mngeniuliza."

Kisha akatuingiza ndani, akatuonyesha karatasi iliyobandikwa ukutani karibu na kabati. Majina ya watoto wote, umri, namba ya kiatu, nani ana sweta na nani hana. Karatasi ile ilikuwepo siku zote tulizokuwa tunajaza chumba. Kwetu ilikuwa safari ya daladala moja.

Kwa hiyo cha kwanza, na ukisahau vyote vingine usisahau hiki: kabla ya kukusanya hata soksi moja, nenda kwa atakayepokea, kaa naye, andika anachohitaji. Sisi sasa tunaanza mwezi wa tano. Tunakwenda sehemu tatu. Makao ya watoto wanataka masweta, soksi, nguo za michezo na viatu vyeusi. Wazee wanataka makoti, mablanketi na vitenge. Mzee wa miaka 80 hana kazi na fulana yenye maandishi ya Kiingereza kifuani. Wodi ya wazazi wanataka kanga. Na hapa kina dada nisikilizeni: ile kanga yako iliyopauka, unayoona aibu kuitoa, ndiyo inayotakiwa kuliko mpya, kwa sababu imelainika na haimkwaruzi mtoto mchanga. Ifue, ianike, ilete.

Kuna na shati jeupe. Ada na michango ya lazima kwenye shule za msingi na sekondari za serikali hadi kidato cha nne iliondolewa kuanzia Januari 2016, lakini sare imebaki kwa mzazi. Hosteli zimejaa mashati meupe ya kidato cha sita yaliyolala chini ya begi. Moja lililofuliwa vizuri na kurudishiwa vifungo linampeleka mtoto shule kesho yake. Mwaka jana mashati meupe ndiyo yalikuwa ombi la kwanza kila tulipopita.

Upande wa vibali sitakaa sana. Barua kwa mshauri wa wanafunzi, serikali ya wanafunzi wajue, halafu pitieni kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Yeye ndiye anayejua makao yapi yamesajiliwa na yapi ni nyumba ya mtu aliyeweka kibao nje. Usiruke hatua hii.

Kwenye kukusanya, maboksi tuliyaacha kabisa. Boksi lisilo na mtu linageuka jalala, kila mtu anatupa asichokitaka. Sasa tunatangaza siku mbili tu, Jumamosi mbili zinazofuatana kabla ya mitihani ya mwisho, tunakaa nje ya bloku na meza, na nguo inapokelewa mkono kwa mkono. Aliyeleta anaulizwa maswali mawili: imefuliwa, na imekauka? Ikiwa na unyevu anarudi nayo akaianike, bila kugombezwa. Na kipimo kimeandikwa kwenye karatasi juu ya meza: ungempa mdogo wako wa tumbo moja? Kama jibu ni hapana, tunaipokea bado, ila inaingia kiroba kingine, cha matambara. Hapo mtu haoni aibu na sisi hatudanganyiki.

Kunguni, msiwachukulie poa. Kuanika juani peke yake kwa Iringa ya mwezi wa saba hakutoshi, katikati ya rundo kunabaki baridi. Kunguni na mayai yake wanakufa kwenye joto la kuanzia nyuzi 50 hivi kwenda juu likiwakolea vizuri, kwa hiyo za pamba tunaziloweka kwenye maji ya moto, na zile zisizohimili tunapitisha pasi kwenye mishono yote, shingoni, kwapani, kiunoni. Ni kazi ya mikono mingi. Na chumba cha kuhifadhia kisiwe ndani ya bweni, kwa namna yoyote ile.

Kuchambua tunafanya siku hiyohiyo. Makundi manne: la kwanza linakwenda kwa wenye orodha, la pili kwa fundi, la tatu sokoni, la nne matambara. Kabla nguo haijaingia kundi lolote, mifuko inapekuliwa. Tumeshakuta vitambulisho vya chuo, laini za simu, flashi yenye kazi ya utafiti ya mtu, na noti ya elfu kumi iliyofuliwa ikakauka kama jani. Vyote vinarudi kwa mwenyewe au kwa mshauri wa wanafunzi.

La fundi ndilo ninalolipenda. Zipu iliyokufa, kifungo kimoja, pindo lililoachia: nguo za namna hii ni nyingi kuliko mnavyofikiri, na zinatupwa kwa kasoro ya dakika kumi. Tulipatana na mama mmoja mwenye cherehani yake karibu na Mashine Tatu, tunampelekea kwa mafungu na tunamlipa. Tunamlipa, narudia, hatumwombi "ajitolee". Yeye naye ana kodi ya nyumba.

Matambara ndiko kwenye kuchakata kwenyewe, na hapa tuambizane ukweli. Taasisi ya Ellen MacArthur mwaka 2017 iliandika kwamba duniani kote chini ya asilimia 1 ya malighafi za nguo ndiyo hurudi kuwa nguo mpya. Sababu kubwa ni mchanganyiko: uzi wa pamba umesokotwa na poliesta na kuutenganisha ni kazi ngumu. Kuna miji inayoishi kwa kuchana nguo kuukuu za sufu na kuzisokota upya, Prato kule Italia na Panipat India, lakini mimi na wewe hatuna kiwanda hicho hosteli. Tulichonacho ni mkasi.

Kwa hiyo kata uzi mdogo wa pindoni, uwashe kwa kiberiti nje, mbali na rundo. Pamba inanuka karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta inajikunja, inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Sufu inanuka nywele. Baada ya muda vidole vyenyewe vinajua. Fulana za pamba zinakatwa mraba, zinakuwa dekio na vitambaa vya gereji. Mafundi magari wanazitaka sana kwa sababu zinanyonya oili, ila toa vifungo na zipu zote, zinachubua rangi ya gari. Poliesta hainyonyi maji, usimdanganye mtu kwamba ni dekio. Hiyo tunaikatakata vipande vidogo, mafundi sofa wanajazia mito. Jinzi nzito tunashonea mifuko ya kubebea sokoni. Vifungo na zipu nzima vinarudi kwa yule mama wa cherehani.

Mengine kwa haraka. Nguo za ndani zilizovaliwa hatupokei, hata TBS, Shirika la Viwango, imepiga marufuku kuingizwa kwake nchini. Nguo zenye mabakabaka ya kijeshi wekeni pembeni msimpe mtu yeyote. Mnakumbuka 2023 jeshi letu, JWTZ, walitoa siku 7 watu wazisalimishe. Fulana za kampeni za chama chochote ziingie matambara, tusimvalishe mtoto wa watu siasa.

Karibuni kwa maswali, nitajibu nikitoka kazini.

#2
Mkuu uzi mzuri, nimeuhifadhi. Lakini hapo kwenye "kundi la tatu sokoni" nimekwama. Mtu ametoa nguo yake kwa ajili ya yatima, wewe unaiuza. Huoni kama ni kumdhulumu aliyetoa na aliyekusudiwa? Kwetu ilishatokea, hela zikaliwa na viongozi, mpaka leo watu hawachangii kitu.

Mleta uzi
Mkuu umeuliza la msingi. Kwanza tunasema mapema. Kwenye tangazo lenyewe imeandikwa kwamba nguo isiyofaa kwa walengwa itauzwa ili kupata nauli, sabuni na malipo ya fundi. Asiyetaka anasema pale mezani, na ya kwake tunaiwekea alama. Ni wachache sana waliokataa.

Pili, lile gauni la kung'aa halina wa kumvalisha kwenye makao, lakini kuna dada wa mwaka wa pili analihitaji kwa mahafali na ana shilingi 3,000. Hela hiyo inanunua jozi kadhaa za soksi mpya za watoto. Mimi naona limefika, limepita njia nyingine tu.

Tatu, na hapa ndipo wenzenu walipoangukia: fedha zisikae kwa mtu mmoja. Kwetu anayepokea haandiki, anayeandika hashiki. Jioni ya mnada wetu wa nguo za kundi la tatu, karatasi ya mapato inabandikwa ubao wa matangazo, na baada ya safari inabandikwa ya matumizi, pamoja na risiti. Mwaka jana ilibaki shilingi 14,500 na imeandikwa kwamba imebaki. Watu walisimama wakaisoma. Mwaka huu kuna waliokuja kuahidi nguo wakasema wazi kwamba karatasi ile ndiyo iliyowaleta.

#3
Mimi niko mabweni ya kina dada, chuo cha Mbeya. Tatizo letu ni lingine, wengi wanaogopa kutoa nguo waliyoivaa. Wanasema nguo ya mwili ni wewe mwenyewe, hujui itaangukia mkono wa nani. Wengine wanaona vibaya kumkuta mtu mtaani amevaa blauzi yao. Tukiwaambia ni imani potofu wananuna na kufunga mlango. Tufanyeje?

Mleta uzi
Dada yangu, msiwaambie ni imani potofu. Mtu hafungui kabati lake kwa aliyemdharau. Hata sisi lilitusumbua, na tuliyofanya ni haya. Hatuandiki jina la aliyetoa popote. Nguo zote, hata iliyokuja imenyooka, zinafuliwa tena na sisi, hadharani, kwenye karo za bloku, ili kila mtu aone zimepita maji na sabuni na kuchanganyika. Na nguo za bweni moja haziuzwi bweni hilohilo wala hazigawiwi kata ya jirani. Kuna dada aliniambia baada ya kuona makaro yale, "hapo sasa siyo yangu tena," akaenda kuleta fungu zima. Asiyetaka bado, mwombeni vifaa: sabuni, sindano, nyuzi, masaa mawili ya kupiga pasi.

#4
Shikamooni wakubwa, wadogo zangu hamjambo. Mimi ni mama muuza mitumba Ilala, Karume, tangu kabla ya wengi wenu kuzaliwa. Nimesoma uzi wote mpaka mwisho na nina machache.

Nguo ninazouza mimi nazo nyingi zilitolewa hivyohivyo. Kuna mtu Ulaya au Marekani alifungua kabati, akaweka kwenye boksi akijua ni msaada. Zikachambuliwa huko, zikafungwa belo la kilo 45, mimi nikalinunua bila kuona ndani. Nikilikata nikikuta nguo za daraja la kwanza namshukuru Mungu. Nikikuta madoa na yaliyochanika, hasara ni yangu, aliyetoa hajui na hatajua. Kule Ghana, soko la Kantamanto, wanasema zinaingia nguo milioni 15 kwa wiki, na zisizouzika zinaishia mitaroni na ufukweni. Mwaka 2016 wakuu wa nchi zetu za Afrika Mashariki walipokubaliana kuachana na mitumba ifikapo 2019 tulilala roho juu. Rwanda ndiyo iliyoshikilia, Marekani ikaisimamishia kwenye nguo 2018 nafuu ya AGOA, ule mpango wa kuuza bidhaa kwao bila ushuru. Kwa hiyo maneno ya nguo kuukuu nimeyasikia yote, ya wanaozitetea na ya wanaozilaani.

Ninachotaka kusema ni hiki. Soko letu lilipoungua Januari 2022, meza yangu ilikwenda yote. Waliokuja kunipa pole wengine walikuja na nguo. Nilipokea kwa mikono miwili, maana anayekukumbuka humrudishi. Lakini nilichokuwa nahitaji ni turubai na mbao za kusimamisha meza. Hakuna aliyeniuliza. Yule mama wa makao amesema neno langu.

Na mkienda vijijini, msimwage nguo za bure siku ya mnada, siku ya gulio la kijiji. Kuna mama kama mimi pale amekopa kikundi kununua mzigo. Ongeeni naye, huenda hata akawasaidia kuchambua, anajua ukubwa wa mtoto kwa macho.

Mleta uzi
Mama, shikamoo. Nimekusoma mara mbili. Hilo la siku ya mnada hatukuwahi kulifikiria, na nakiri kwamba mwaka juzi tulikwenda kijiji kimoja siku ileile ya gulio. Kuanzia mwaka huu tutauliza siku ya mnada kabla ya kupanga safari, na nitawaomba akina mama wauza mitumba wa Mlandege, hapa Iringa, waje siku ya kuchambua, kwa malipo. Asante sana.

#5
Niongezee kutoka Nairobi. Pale Gikomba nguo za kwanza kutoka kwa belo, zile safi, tunaziita kamera, na za mwisho kabisa ni fagia. Shida ya hizi harambee za nguo vyuoni ni kwamba kamera wanajichagulia waandalizi, maskini anafikiwa na fagia. Nimeona kwa macho yangu. Mna sheria gani juu ya hilo?

Mleta uzi
Ndugu yangu, tunayo. Mratibu na anayechambua hawachukui nguo kabla ya mnada, na kwenye mnada wanasimama mwisho, baada ya wengine wote. Mwaka wa pili mmoja wetu alijiwekea koti la ngozi kwenye begi lake. Tulikaa naye pembeni, akalirudisha, na hakushika tena kazi ya kuchambua. Ilituuma, alikuwa mchapakazi, lakini kundi zima lilikuwa linatuangalia.

#6
Na picha je? Wafadhili wetu wanataka picha za watoto wakipokea, tuziweke kwenye ukurasa wa chuo.

Mleta uzi
Hapana. Hapo sina namna ya kulainisha. Mtoto yule kesho atakuwa darasani na wenzake, na picha yake akipokea kaptula iliyovaliwa inazunguka kwenye simu zao. Mwaka wa kwanza tulipiga, nikaja kuona msichana wa kama miaka 12 amegeuza uso ukutani picha nzima. Nilizifuta. Sasa tunapiga picha ya viroba vilivyofungwa vizuri, vimeandikwa kilichomo, na ya barua ya mapokezi yenye mhuri wa kituo. Mfadhili asiyetosheka na mhuri, anakaribishwa aende mwenyewe akawasalimie, kwa mpango wa mama mlezi.

Halafu jambo moja dogo kuhusu kukabidhi. Usigawe kwa foleni. Tunampa mlezi, yeye anapanga kwenye kabati, mtoto anachagua mwenyewe sweta lake jioni wageni wakishaondoka. Ni mama yule wa lile gauni aliyetuomba hivyo, na alituambia kwamba usiku ule watoto walikaa mpaka saa nne wakibadilishana rangi.

#7
Mkuu, mwaka huu mnaanza lini? Niko Kihesa, nina mashati meupe manne na koti la baridi.

Mleta uzi
Mungu akubariki. Jumamosi hii na ijayo, saa tatu asubuhi mpaka saa tisa, nje ya bloku za hosteli, meza yenye kitambaa cha bluu. Vifungo kama vimetoka usihangaike, leta tu.

Orodha ya mama imeingia leo asubuhi kwenye simu, naiweka kama alivyoiandika ili kila mwenye kabati ajue: "Sweta 12, miaka sita hadi tisa. Mashati meupe 20. Viatu vyeusi namba 33 hadi 37. Soksi zozote ndefu. Kanga kuukuu 2, tuna kachanga. Mwaka huu msilete magauni."